Taa za Semitrela kwenye Phoenix

Kahama ni mji wa malori. Yanayokwenda Rwanda na Burundi kutoka Dar es Salaam hupita hapo, na Isaka yenye bandari kavu haiko mbali. Sisi tuliokulia huko miaka ya 1990 tulizijua taa za trela kabla ya kuzijua taa za barabarani.

Baiskeli ndizo zilizokuwa daladala zetu: Phoenix ya Kichina, karia imefungwa kiti cha sponji, nyuma ya madigadi unaning'inia mpira uliochorwa jina la timu. Stendi abiria alichagua iliyopendeza, na kwa macho ya vijana walioziendesha hakuna kilichopendeza usiku kuliko semitrela. Wakaanza kuulizia taa zake kwa mafundi.

Mjomba wangu alikuwa fundi umeme wa malori, na chini ya benchi lake kulikuwa na debe la taa za pembeni zilizopasuka huku au kung'oka pale. Walimjia kwa heshima zote: "Shikamoo mzee, hiyo ya rangi ya chungwa unaiachia shilingi ngapi?" Aliwauzia, kisha akawaeleza wasichotaka kusikia. Globu ya lori ni ya volti 24. Dainamo ya baiskeli, ile inayozungushwa na tairi, ni ya volti 6 na wati 3: wati 2.4 za taa ya mbele, 0.6 za nyuma. Ukiifunga globu ile hapo, uzi wake unapata wekundu kidogo, basi. Mjomba aliitoa akaweka globu ndogo ya volti 6, lakini kila taa uliyoongeza ilizinyang'anya nyingine umeme. Na ya mbele ikiungua, umeme wote unaikimbilia ya nyuma, nayo inakufa hapohapo. Ukisimama kushusha abiria, giza.

Hata hivyo zilifanya kazi, kwa njia ambayo wengi wao hawakuifikiria. Baadhi ya taa za trela plastiki yake ina vijipembe kwa ndani vinavyorudisha mwanga ulikotoka. Lori likija na taa kali, ile taa iliyokufa ya Phoenix inawaka kwa mwanga wa lori lenyewe. Na kwa kuwa vijana waliiga kila kitu, waliiga na mpangilio: nyeupe mbele, chungwa pembeni, nyekundu nyuma. Utingo mmoja alikuja kwa mjomba akilalamika kwamba dereva wake alipunguza mwendo njia ya Isaka akidhani mbele kuna trela limeegeshwa, kumbe ni kijana na gunia la mkaa. Mjomba alicheka sana. Mimi nadhani kijana yule alilindwa na lile kosa la macho kuliko ambavyo angelindwa na dainamo yake.

Baadaye wenye uwezo walifunga betri za volti 12, za pikipiki au zile zinazotolewa kwenye UPS za kompyuta. Uzito wake si mchezo, na globu moja ya wati 21 ilimaliza betri ya ampea-saa 7 kabla ya saa nne kwisha. Kuchajisha kulikula hesabu ya tajiri mwenye baiskeli.

Halafu zikaja LED. Wajapani walipata namna ya kutoa mwanga mkali wa buluu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kutokana na buluu hiyo ikapatikana nyeupe. Watatu kati yao walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwetu habari hiyo ilifika ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu la plastiki: mkanda wa volti 12 wenye gundi mgongoni. Ukiutazama karibu utaona vitaa vitatuvitatu, kila kikundi na rezista yake, na alama ya mkasi kati ya kikundi na kikundi. Unakata kwenye alama unayotaka. Mita moja ya ule wa kawaida hula kama wati 5, hivyo betri ileile inakesha.

Siku hizi abiria wamehamia bodaboda na bajaji, lakini baiskeli za mkaa na maziwa bado zipo, tena zinawaka kuliko zamani: buluu kwenye spoku, zambarau chini ya fremu, nyekundu inayopepesa kwenye usukani. Zinapendeza, sikatai. Ila dereva anayekuja Kahama kutoka Lusahunga usiku akiona nyekundu mbele yake anaelewa kwamba kitu kile kinaelekea anakoelekea yeye, kumbe kinamjia.

Mjomba amezeeka ila benchi bado lipo. Mara ya mwisho nilipokuwa naye, kijana alileta mkanda mwekundu akitaka ufungwe mbele.

"Nyekundu mbele sifungi, mwanangu. Nitakuwekea nyuma, bure."

Kijana akashukuru kwa adabu, akavuka barabara, akajibandikia mwenyewe.