Barua kutoka Las Vegas: Ndugu wa Mkonge

Mjomba,

Uliuliza ni mmea gani ule wa majani makali mbele ya nyumba ninayopanga, ukasema unafanana na mkonge. Jicho lako la mashambani Tanga halijapotea. Ni yuka ya jangwa la Mojave, ukoo mmoja na mkonge. Ukiinama karibu utaona pembeni mwa kila jani nyuzi nyeupe zimebanduka na kujikunja. Wapaiute, wenyeji wa asili wa huku, walisokota kamba kwa nyuzi za yuka, na mizizi wakaifanya sabuni.

Kwa miaka mingi watu hapa walipenda ukoka mbele ya nyumba zao, si yuka. Lakini mvua ya mji huu ni kama milimita 100 tu kwa mwaka, na takriban asilimia 90 ya maji yanatoka Mto Colorado, ambao umeelemewa. Kunywesha ukoka ambao hata mtoto hauchezei ni ubadhirifu, na nafurahi kwamba serikali imechukua hatua. Sheria ya Nevada ya 2021 inapiga marufuku, kuanzia 2027, kumwagilia kwa maji ya mto huo ukoka wa mapambo kando ya barabara na penye maofisi. Mwenye nyumba akiung'oa wake kwa hiari, mamlaka ya maji humlipa.

Wengine wakishang'oa humwaga kokoto tupu, basi. Hilo silikubali: joto la kiangazi linatosha bila ua kugeuzwa kikaango. Badala yake ipandwe yuka, kwenye udongo usiotuamisha maji, mbali na wanapopita watoto, maana ncha yake hutoboa jicho.

Tena ina mgeni wake. Nondo mdogo jike hukusanya chavua, hutaga mayai ndani ya ua jingine, kisha hulipaka chavua ile. Viwavi hula baadhi ya mbegu, zilizobaki ndizo uzao wa yuka. Kila ukoka unapoipisha yuka, nondo huyo naye anapata pa kutagia katikati ya mji.

Kuhusu mbegu ulizoomba, mjomba, sitatuma. Masika ya Tanga yangeozesha mizizi, na nondo wake huko hayupo. Kwenye mpaka wa shamba lako panda mkonge. Unaujua kuliko mimi.