Bega likirudi si kwamba limepona

Vijana wenzangu, golikipa wa timu yetu hapa Nyarugusu ana miaka 17 na bega limeshamchomoka mara tatu. Mara ya kwanza aliruka kudaka mpira, mkono ukiwa juu, mtu akamwangukia. Wakubwa pale uwanjani wakauvuta mkono, bega likarudi, watu wakapiga makofi. Mara ya tatu hakukuwa na mpira wala mtu. Alikuwa anajigeuza tu kitandani.

Kwa nini linarudia? Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na pale kinapokaa ni padogo, hapana kina. Ni kama chungwa juu ya kisahani. Kinachoshikilia ni gegedu la pembeni, kano na misuli. Bega likichomoka kwa nguvu, mara nyingi lile gegedu linachanika na kano zinalegea. Maumivu yanaisha, lakini ndani bado pamechanika. Tena ukiwa kijana ndiyo hatari zaidi: likikuchomoka kabla ya miaka 20, linaweza kurudia kuliko la mtu wa miaka 40.

Kwa hiyo jamani, tuache kuvutana mikono uwanjani. Inawezekana mfupa umevunjika, au mshipa umebanwa. Funga mkono na kitenge vile ulivyo, mpeleke kliniki haraka. Kama vidole ni vya baridi au nje ya bega pamekufa ganzi, mwambie daktari.

Halafu kuna kazi ambayo wengi tunairuka: mazoezi. Baada ya kupumzisha mkono, na mtaalamu akikuruhusu, funga mpira wa baiskeli kwenye nguzo, kiwiko kikae ubavuni, vuta polepole. Ni miezi, siyo siku mbili.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa nawaomba kitu. Kijana akipewa dawa ya maumivu na kuambiwa "pumzika", anarudi nyumbani kubeba maji na kuni. Muonyesheni mazoezi, mpangieni siku ya kurudi. Sisi huku mikono ndiyo kazi yetu. Kijana ambaye hawezi kuinua ndoo, nani atampa kibarua?

Jumamosi asubuhi tunafanya mazoezi hayo nyuma ya uwanja. Kama uliambiwa "limerudi, cheza tu", pitia kliniki kwanza, halafu njoo.