Ko-ko-ko na Ti-ti-ti: Tanakali za Sauti Gerejini

Katika vitabu vya uhakiki, tanakali za sauti aghalabu hutengewa aya moja katika sura ya fani, zikaitwa pambo la lugha, kisha mhakiki akaharakia tashbihi na sitiari. Gerejini mambo ni mengine. Huko tanakali ni ushahidi, na anayeitamka visivyo huenda akagharimika.

Mathalani, kuna kisa cha mwalimu mmoja wa Nairobi na Peugeot 504 yake. Magari ya aina hiyo, yaliyotoka kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1968, yana nafasi ya pekee katika kumbukumbu za Wakenya: yalibeba abiria wa safari ndefu, na yakashinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978. La mwalimu lilikuwa limechakaa, nalo likaanza kugonga. "Linalia ko-ko-ko," alimwambia fundi wa kwanza. Fundi akachomoa nyaya za plagi, mmoja baada ya mwingine, injini ikiunguruma. Alipofika silinda ya tatu, kishindo kikafifia. Hukumu ikatolewa papo hapo: beringi ya konrodi imelika, injini ifunguliwe. Gharama aliyotaja ilikaribia thamani ya gari lenyewe.

Fundi huyo anastahili kutetewa kidogo. Silinda isipowaka, pistoni haisukumwi kwa nguvu, na beringi iliyolegea hupunguza kishindo. Alisoma dalili ipasavyo, ila aliisoma moja tu. Zaidi ya hayo, neno la mteja lilikuwa limekwisha kumwelekeza. Mara nyingi irabu /o/ na /u/ katika tanakali za Kiswahili hubeba uzito na kina, ilhali /i/ hubeba wembamba na ukali. (Ndo! ndo! ya matone ya maji haiitii kanuni hii, lakini kanuni gani ya lugha isiyo na mwasi?) Aliyesema "ko" alikuwa amekwisha kusema "konrodi" bila kujua.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Grogan, hakugusa waya wowote.

"Mwalimu, hulia saa ngapi?"

"Asubuhi, mzee. Likishapata moto hunyamaza."

"Basi hiyo si ko. Beringi mbovu ikipata moto ndipo hupiga zaidi, maana oili huwa nyepesi. Liache hapa lilale."

Alfajiri, injini ikiwa baridi, mzee aliliwasha gari, akaweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini sikioni. Kila alipogusa palilia. Chuma huisafirisha sauti mbali na mahali ilipozaliwa. Ndipo akachukua kipande cha mpira wa maji, mwisho mmoja sikioni, mwingine akiupitisha polepole kando ya bomba la chuma linalokusanya moshi kutoka silinda zote. Mkabala wa silinda ya tatu mpira ulisema waziwazi: ti-ti-ti-ti. Palikuwa na masizi pia, mstari mweusi usiozidi urefu wa kucha.

Gasketi ilikuwa imepasuka. Kila valvu ya moshi ilipofunguka, hewa ilichomoka kwa mshindo kupitia ufa huo. Chuma kilipotanuka kwa joto, ufa ukajibana. Waya wa plagi ulipochomolewa silinda haikuwaka, hivyo mshindo ukapungua, sawasawa na vile ambavyo beringi ingefanya. Dalili moja, maradhi mawili. Kilichoyatenganisha ni wakati wa siku, pamoja na mwendo wa sauti: injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, beringi hupiga mara 800, lakini valvu ya moshi ya silinda moja hufunguka mara 400 tu. Sikio la mzee halikuhesabu. Lilitambua kwamba wimbo ulikuwa wa polepole kuliko ulivyopaswa.

"Na kichwa hukuuma ukiendesha?" aliuliza mzee.

Mwalimu alishangaa. Kwa miezi kadhaa kilikuwa kikimuuma, naye alikuwa amelaumu macho, akanunua miwani. Moshi wa injini una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, nayo huweza kupenya hadi alipoketi dereva na watoto wake.

Gasketi yenyewe ilikuwa ya bei ndogo. Kazi ilikuwa bolti: mbili zilikuwa zimeliwa na kutu, zikakatika ndani, na mzee akazitoboa taratibu kwa keekee hadi jua likazama.