Kyalami, Walikonifunza Kushika Breki

Safari yangu ya mwezi wa Julai haikuwa ya kikazi. Nilikwenda Johannesburg kumtazama dada yangu aliyeolewa huko, wala sikutazamia kwamba siku mbili za likizo yangu zingeishia chini ya gari la mumewe, nikimshikia taa. Shemeji ni fundi wa magari. Alikuwa amelipia nafasi mbili katika mafunzo ya siku moja ya udereva wa mwendo wa kasi kwenye uwanja wa Kyalami, yake na ya rafiki yake, na yule rafiki akapata udhuru.

"Shemeji," aliniambia, "nafasi haiwezi kupotea bure. Utaendesha wewe."

Sikumjibu upesi. Miaka sita iliyopita, nikiendesha gari la ofisi katika barabara ya changarawe karibu na Kabale, niliingia kona wakati wa mvua, gari likateleza na kwenda kugonga mti uliosimama peke yake ukingoni. Ndani walikuwamo watumishi wenzangu watatu. Hakufa mtu, lakini mmoja wao, mama mwenye watoto, anachechemea hadi leo, na kila tukutanapo ofisini hunisalimu kwa wema uniumizao kuliko lawama. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiendesha gari kama mtu avukaye mto asioujua kina chake.

Kyalami iko Midrand, kati ya Johannesburg na Pretoria, katika nyanda za juu zipatazo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Jina lake ni la Kizulu, nalo lina maana ya "nyumbani kwangu". Msemaji wa Kiswahili atasikia humo neno lake mwenyewe, kaya. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1961, na mwaka 1967 ukaanza kupokea mashindano makubwa ya Formula One. Mwaka 1985, serikali ya ubaguzi wa rangi ilipokuwa ingali madarakani, timu mbili za Ufaransa, Renault na Ligier, zilikataa kushiriki, na baada ya hapo mashindano hayo hayakurudi hadi mwaka 1992. Mwaka 2014 uwanja uliuzwa mnadani kwa randi milioni 205, ukatengenezwa upya. Njia yake leo ina urefu wa kilometa nne na nusu hivi.

Nilidhani matayarisho yangekuwa ya injini. La! Shemeji hata boneti hakulifungua, ila kwa ajili ya mafuta ya breki. Mafuta hayo, alinieleza, hunyonya maji kutoka hewani kidogo kidogo, hata gari likiwa limelala tu. Dereva akishika breki kwa nguvu tena na tena, joto hupanda, maji yale huchemka na kuwa mvuke. Na kwa kuwa mvuke hubonyea, mguu huzama hadi sakafuni na gari lisisimame. Tuliyamwaga yote ya zamani, yaliyokuwa na rangi ya chai ya mkandaa, tukatia mapya. Tukapima unene wa pedi za breki. Tukapima upepo wa tairi asubuhi, zikiwa baridi bado, maana zikipata moto kipimo hudanganya. Nati za magurudumu alizikaza kwa spana yenye kipimo, kisha akazirudia zote, kisha akanipa mimi nizirudie.

Halafu tukalitoa gari kila kitu. Chini ya viti tulikuta mwavuli wa dada, kiatu cha mtoto na chupa mbili za maji. Chupa moja ikibingirika hadi chini ya kanyagio la breki, yatosha kuua. Najua magari mengi ya serikali ambayo, kwa hesabu hiyo, yasingeruhusiwa kupita hata langoni.

Hata kukaa nilifundishwa upya. Mgongo uguse kiti wote, na mkono ukinyoshwa, kifundo chake kifike juu ya usukani bila bega kuachana na kiti. Mikono ikae saa tatu na saa tisa. Na hapa, tuhesabu saa kwa Kiswahili ama kwa Kizungu, mikono haibadiliki mahali.

Usiku, mpwa wangu wa kike alinihoji bendera kwa vitambaa vya jikoni. Njano: hatari iko mbele, punguza mwendo, usimpite mtu. Buluu: nyuma yako yuko mwenye mwendo zaidi, mpishe. Nyekundu: mafunzo yamesimamishwa. Nyeusi: wewe, toka njiani. Nilipokosea, alicheka. Baba yake hakucheka. Alitusimulia habari ya tarehe 5 Machi 1977, hapo hapo Kyalami, ingawa njia ya siku zile imebadilishwa sana. Gari moja lilisimama kando likianza kushika moto. Kijana wa miaka 19, Frederik Jansen van Vuuren, mmoja wa wasimamizi wa njia, alikimbia kuvuka barabara akiwa na mtungi wa kuzimia moto. Nyuma ya mwinuko yalikuwa yanakuja magari ambayo madereva wake hawakuweza kumwona. Gari la Tom Pryce likamgonga, na mtungi ukampiga Pryce kichwani. Wote wawili wakafa papo hapo. Dada aliondoa sahani bila kusema neno. Mtoto akaninyoshea tena kitambaa cha njano.

Asubuhi majani yalikuwa makavu, meupe kwa jalidi, nami nikatetemeka ndani ya shati langu la pamba la mikono mirefu. Mkufunzi alikuwa mzee mwembamba. Alisema zoezi la kwanza litakuwa kusimama, si kukimbia: breki ishikwe kwa nguvu zote gari likiwa limenyooka, ndipo kona ifuate. Kisha akasema kuwa gari huenda yaendako macho ya dereva. Mtu akiteleza hukikodolea macho kile anachokiogopa, na mikono humpeleka huko huko. Ndiyo sababu uwanja mzima huwa mtupu, naye akagonga nguzo moja.

Nilisahau baridi. Nikauona ule mti wa Kabale, na mashamba matupu pande zake zote mbili. Miaka sita nimeilaumu mvua.

Alipoingia kuketi kando yangu alinikagua mkanda, akagonga helmeti yangu kwa kidole, akauliza, "Unatazama wapi?"

"Pale kona inapoishia."

"Basi twende."

Msimamizi akashusha bendera, nami nikaachia klachi.