Tulichorithi kwa Baba

Sisi ni watoto watano wa nyumba moja, wazaliwa wa Murangi, kando ya Ziwa Victoria. Baba yetu alikuwa mvuvi na mzee wa kanisa. Akiwa na miaka 56 alianza kutupotea. Kwanza aliuliza swali lile lile mara tatu wakati wa chakula, tukacheka. Kisha asubuhi moja alipandisha mtumbwi kwenye mwalo wa kijiji kingine, akakaa pale analia kwa kuwa haioni nyumba yake.

Babu alikufa hivyo hivyo kabla ya kufikisha miaka 60. Baba mkubwa naye. Watu walipoanza kusema ukoo wetu una mkosi, hatukuwa na la kujibu. Mpendwa mmoja alikuja kutuombea, akatutaka tutubu dhambi ya babu. Dhambi ipi, hakujua. Tulipiga magoti, maana maombi hatuyakatai, lakini tuliinuka na uchungu. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi wanamtafuta mwenye kosa kwa ajili ya yule kipofu, na Yesu anaikataa njia yao ya kuuliza. Sura hiyo tuliijua tangu Shule ya Jumapili. Hatukudhani siku moja ingetuhusu.

Hospitalini daktari alianza na yanayotibika: kaswende, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, pamoja na VVU, maana yote hayo huweza kuharibu kumbukumbu. Hayakuwepo. Ndipo akataja ugonjwa wa Alzheimer. Mara nyingi huwapata waliopita miaka 65, na hauendi moja kwa moja toka mzazi hadi mtoto. Lakini iko aina moja, adimu sana, inayoanza mapema, itokanayo na hitilafu katika jeni moja kati ya tatu: APP, PSEN1 au PSEN2. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na anayeirithi karibu hakika ataugua. Ni kama kurusha shilingi, alisema, na kila mtoto hurushiwa yake.

Iko pia jeni ya APOE. Aina yake ya e4 huongeza hatari tu, haimhukumu mtu. Na huko Ibadan, Nigeria, watafiti waliona nguvu yake ni ndogo kuliko walivyozoea kuiona kwa Wazungu. Tulisoma pia habari za ukoo mmoja wa Antioquia, Kolombia, wenye maelfu ya watu, ambamo hitilafu ya PSEN1 huwasahaulisha watu wakiwa na miaka arobaini na kitu. Mwaka 2019 ilielezwa habari ya mwanamke wa ukoo huo aliyekuwa nayo, lakini akabaki na akili zake hadi miaka ya sabini, kwa sababu, inadhaniwa, ya badiliko jingine adimu kwenye APOE. Habari hiyo tuliirudia mara nyingi, pengine kuliko ilivyostahili.

Kipimo hakikuwepo pale. Damu ingepelekwa nje ya nchi. Tena huanza na mgonjwa mwenyewe, ili hitilafu ijulikane kwanza. Baba angekubalije, naye hajui ni mwezi gani? Kaka yetu mkubwa, mwenye miaka 41, alikataa kabisa. Dawa ya kuponya haipo, alisema, na watoto wanne wanadai ada. Mdogo wetu wa mwisho alitaka kujua, kwa kuwa alikuwa ameposwa. Tuligombana. Jumapili mbili tulikaa mabenchi tofauti kanisani, na tukashiriki Meza ya Bwana hivyo hivyo. Tunaliungama hapa.

Daktari alitushauri: mtu asipime kwa ajili ya mwingine, na jibu likishatoka halirudishwi. Tukakubaliana anayetaka apime, asiyetaka asiambiwe. Inasikika rahisi. Lakini mmoja akikutwa nayo, wote tumeshajua ya Baba.

Mdogo wetu bado hajapima. Alimweleza mchumba wake kila kitu, nasi tukangoja posa irudishwe. Kijana alikuja Jumamosi iliyofuata, hakusema mengi, akaomba kukaa na Baba. Tuliwakuta chini ya mwembe wakishona nyavu. Baba hakumjua ni nani. Alikuwa anamfundisha kufunga fundo, na kila alipokosea alimfungulia, akaanza naye upya.