Mwalimu Ugenini: Mwaka Wangu wa Kwanza Nizwa



Vijana wengi wa pwani yetu, hasa wale waliohifadhi Qur'ani na kuhitimu vyuoni, huniuliza maisha ya mwalimu katika nchi za Waarabu yakoje. Huniuliza habari za mshahara, na za joto, na za chakula. Hayo nitayaeleza kwa kadiri nafasi itakavyoruhusu. Walakini lipo jambo moja ambalo hajapata mtu kuniuliza, nalo ndilo lililonipa taabu kuliko yote, na kwa ajili ya hilo nimeshika kalamu.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na tangu ujana wangu nasomesha watoto chuoni. Elimu yangu ni ya chuo na ya shule ya msingi, basi. Tulipokuwa wadogo, wazee wetu walitusimulia habari za majahazi yaliyokuwa yakija na pepo za kaskazi, yakishusha tende na samaki wakavu katika bandari ya kale, kisha yakingoja kusi yapate kurejea Arabuni na boriti za mikoko. Kwa hiyo nchi ya Omani kwetu haikuwa ya mbali. Ilikuwa kama nyumba ya jirani ambayo waijua mlango wake lakini hujapata kuingia ndani.

Mwaka 2017, umri wangu ukikaribia miaka 50, nalipata kazi ya miaka miwili ya kusomesha Qur'ani katika chuo kimoja cha mji wa Nizwa. Nalimwacha mke wangu na watoto wanne, nikapanda ndege. Na safari iliyokuwa ikiwachukua manahodha majuma kadhaa ikanichukua mimi saa chache tu.

Nizwa si mji wa pwani. Uko bara, mwendo wa kilomita 160 hivi kutoka Maskati, na njia yake yapita katikati ya milima mitupu ya mawe, isiyo na mti wala jani. Nalitazama dirishani nikajiambia, "Maskini mimi, watu huishije huku?" Kisha kwa ghafula waona msitu wa mitende, na juu ya mitende hiyo wachomoza mnara mnene wa mviringo, rangi yake kama udongo. Hiyo ndiyo ngome ya Nizwa, iliyojengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, ambaye mwaka 1650 aliwatoa Wareno Maskati. Mwanawe, Imamu Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno hao hao Mombasa mwaka 1698, katika ngome ile ya Fort Jesus tuiitayo Ngomeni. Basi nalipoiona ngome ile nalihisi kana kwamba nimekutana na jamaa ya mtu nimjuaye.

Siku za kwanza zilikwisha katika shughuli za mgeni: kupimwa afya, kupigwa picha, kuweka alama za vidole, na kungoja kadi ya ukaazi. Nalipewa chumba kimoja chenye kitanda na mashine ya kuleta baridi, na bila ya mashine hiyo sijui ningalilala vipi, kwani joto la Septemba huko si kama letu la pwani lenye upepo wa bahari. Ni joto kavu, kama la mtu aliyefunua tanuri. Juma la kazi huanza Jumapili, na mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Fedha yao ni riali, na riali moja ni baisa 1,000. Baisa hiyo ni ndugu wa pesa yetu, kwani maneno yote mawili asili yake ni Bara Hindi. Chakula ni wali na nyama au samaki, na tende kila saa. Lakini wali wenyewe hauna nazi, na mtu wa Mombasa hilo hulihisi mpaka moyoni. Kilichonifurahisha ni kofia zao zilizodariziwa kwa mkono, ambazo zimefanana sana na kofia zetu za vito.

Basi yote hayo mtu huyazoea. Shida ilikuwa kwingine.

Mimi nalijiona mjuzi wa Kiarabu. Nimesoma nahau, nimesoma fiq-hi, na kwetu watu huniletea barua za Kiarabu niwasomee. Nalipofika Nizwa nikazungumza kama vitabu vinavyozungumza, na watu wakanitazama kwa adabu, wala hawakunijibu upesi. Mimi nikisema "uridu", yaani nataka, wao husema "abgha". Wakisemezana wenyewe kwa wenyewe, nalishika neno moja katika matano. Na dukani nalikuta muuzaji ni mtu wa Bangladesh, ambaye Kiarabu chake ni cha namna nyingine kabisa. Ikawa twaelewana kwa kuonyeshana vidole.

Hata kunywa kahawa nalikuwa sijui. Juma la kwanza nalialikwa nyumbani kwa mzazi mmoja. Tukaletewa tende na halua, na kijana akasimama mbele yangu na dele la kahawa. Nikanywa finjani, nikamrudishia, akaijaza. Nikanywa tena kwa kuona haya kukataa, akaijaza tena. Nadhani nalifika finjani ya saba, na moyo wanidunda, ndipo mwenye nyumba akacheka kwa upole, akanionyesha kwamba mwenye kutosheka huitikisa finjani kidogo kabla ya kuirudisha. Usiku ule sikupata usingizi, na si kwa kahawa tu. Nalikuwa nikijiuliza: mtu mzima kama mimi, mwenye wanafunzi ambao sasa nao ni walimu, nimekuwa wa kufundishwa kushika kikombe?

Ndugu msomaji, hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wenyewe, nami sikuujua.

Katika juma la tatu, siku ya Jumatano, nalikuwa darasani nikiwaeleza watoto jambo kwa kile Kiarabu changu cha mimbarini. Mtoto mmoja, umri wake kama miaka kumi, akayarudia maneno yangu kwa sauti kama yangu, na darasa zima likaangua kicheko. Damu ikanipanda kichwani. Nalimwita mbele, nikatwaa rula iliyokuwa mezani, nikampiga viganja vyote viwili. Mtoto hakulia. Alinitazama tu, kisha akarejea mahali pake. Na darasa likanyamaza kimya ambacho sikukipenda.

Kesho yake mkuu wa chuo aliniita. Hakunipazia sauti. Alinikaribisha kitini, akaniuliza hali ya watoto wangu Mombasa, kisha akasema, "Maalim, hapa hatupigi. Baba wa mtoto amekuja, nami nimemwomba asamehe, naye amesamehe. Likitokea mara ya pili, sitaweza kukutetea."

Nalitoka pale miguu imelegea. Wakati ule mfanyakazi mgeni hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine ila kwa idhini ya mwajiri wake wa kwanza. Sharti hilo liliondolewa mwanzoni mwa mwaka 2021 kwa aliyemaliza mkataba wake. Basi kufukuzwa kwangu kungalikuwa ni kurudi nyumbani mikono mitupu, na karo za watoto zilikuwa zikinitazamia mimi. Lakini haya yangu ilikuwa kubwa kuliko hofu. Kwani hata kwetu Kenya fimbo imekatazwa shuleni tangu mwaka 2001, nasi walimu wa vyuo, wengi wetu, tulijifanya kana kwamba amri hiyo haituhusu.

Usiku ule nalipiga simu nyumbani. Binti yangu mdogo akaichukua simu, akaniuliza, "Baba, wanafunzi wako wa huko wanakupenda?" Nalimwambia ampe mama yake simu.

Ijumaa asubuhi nalikwenda katika soko la mifugo, ambalo hufanyika chini ya ngome. Wanunuzi huketi na kusimama kwa duara, na wenye mbuzi huwazungusha mbele yao huku wakinadi bei. Nalisikia bei ya beberu mmoja, nikasema peke yangu kwa Kiswahili, "Loo! Mbuzi huyu ana pembe za dhahabu?" Nyuma yangu sauti ikasema, "Hana, bwana, ila mwenyewe ana mdomo wa dhahabu." Nikageuka, nikamwona mzee wa makamo ya miaka sabini na zaidi, kilemba kichwani na bakora mkononi. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee wangu." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Wewe mtu wa Mvita, nakusikia." Yeye alizaliwa Unguja, akaja Omani na wazazi wake baada ya mwaka 1964. Watu kama hao wako wengi nchini humo. Hata Mufti wa Omani, Sheikh Ahmed bin Hamed Al-Khalili, aliyeshika kazi hiyo mwaka 1975, alizaliwa Unguja.

Nalimweleza mzee yule habari zangu zote, sikumficha hata ile rula. Hakunijibu neno, akasema tu, "Twende nikakuonyeshe maji."

Akanipeleka kwenye falaji ya Daris. Falaji ni mfereji uletao maji kutoka chini ya ardhi, mbali huko chini ya milima, kwa kuteremka kidogo kidogo pasipo mashine yoyote. Omani ina falaji kama 3,000 zifanyazo kazi hata leo, na hii ya Daris ni miongoni mwa tano zilizoandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia. Maji hupita kwanza panapotekwa ya kunywa, kisha msikitini na mahali pa kuoga, ndipo yaende mashambani. Na huko mashambani kila mtu ana zamu yake, ihesabiwayo kwa nusu saa. Zamani walipima mchana kwa kivuli cha kijiti, na usiku kwa nyota. Siku hizi wana saa za mkononi.

Tukaketi ukingoni, mzee akasema, "Mwanangu, maji haya hayamjui mwenye nguvu. Mwenye nusu saa atapata nusu saa. Akija na ghadhabu, hayaendi mbio. Akija na upole, hayachelewi. Wewe umefika juzi, nawe wataka upewe heshima uliyoijenga Mombasa kwa miaka thelathini. Ile iko Mombasa. Hapa ngoja zamu yako, na wakati wa kungoja, jifunze."

Jumapili nalisimama mbele ya darasa, nikamwomba yule mtoto msamaha mbele ya wenzake. Ndugu zangu walimu, neno hilo si jepesi kutoka kinywani mwa mtu wa umri wangu. Kisha nikawaambia, "Mimi nawafundisha tajwidi, lakini maneno ya mji wenu siyajui. Kila siku, kabla ya kufunga darasa, nyinyi mtanifundisha maneno matano. Nami nikikosea, mtanisahihisha kama ninavyowasahihisha nyinyi madda na ghunna." Nikamfanya yule mtoto kuwa mwandishi wa maneno hayo. Siku ile walicheka tena, lakini kicheko kilikuwa kingine. Baada ya miezi mitatu naliweza kuzungumza na wazazi wao barazani, na wale watoto wakawa wakinisalimu njiani kabla sijawaona.

Lipo na jambo la sala, ambalo vijana yawapasa kulijua. Wenyeji wengi wa Nizwa ni Maibadhi, na sisi pwani wengi wetu twafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Wao husali mikono wameiteremsha, wala hawasomi kunuti katika sala ya alfajiri. Mwanzoni moyo wangu ulitaka kubishana. Lakini miaka miwili nalisali katika safu zao, na hakuna hata mmoja aliyenikemea kwa kufunga mikono yangu. Basi ningalimkemea nani mimi kwa kuteremsha yake?

Haya sasa, kijana utakaye kwenda, shika maneno machache. Usome mkataba wako wote kabla ya kutia sahihi, na ukipata neno usilolielewa, uliza. Chukua fedha za kukutosha mwezi mzima, kwani mshahara huja mwisho wa mwezi, na njaa haingoji. Chukua na nguo nzito, kwani usiku wa Desemba huko bara una baridi kali. Usiseme kila mara "kwetu hatufanyi hivi". Na katika mizigo yako yote uzito mkubwa ni ule usiopimwa uwanja wa ndege, nao ni kujiona. Huo uache nyumbani.

Nalirejea Mombasa mwaka 2019. Chuoni kwangu nalikuta bakora yangu ya zamani bado imetundikwa ukutani nyuma ya kiti changu. Wanafunzi walikuwa wameniwekea, wakidhani nitafurahi. Naliiteremsha siku ile ile, na tangu hapo haijarudi ukutani. Binti yangu aliponiuliza tena lile swali lake la simuni, nalimjibu, "Walinipenda, mwanangu, walipoona nami najifunza."

Mwenyezi Mungu awalinde waliomo safarini, na awarejeshe salama kwa watu wao. Amin.