Mkono Usiotumwa

Nilipoajiriwa kuwa mtoa tiba kwa vitendo, katika hospitali moja ya kaskazini mwa Tanzania, kabati la idara yetu lilikuwa na rula ya kupimia nyuzi za viungo, kipima nguvu ya mshiko ambacho mshale wake ulikuwa umekwama, na boksi la vibanio vya nguo. Kwa vifaa hivyo nilipima mikono ya watoto wenye mtindio wa ubongo: kiwiko kinanyooka kiasi gani, kiganja kinafunguka wapi, vibanio vingapi vinabanwa kabla mtoto hajachoka. Mafaili yangu yalipendeza. Ila akina mama walikuwa na vipimo vyao. "Daktari," aliniambia mmoja, ambaye bintiye aliathirika upande wa kulia, "hapa kwako anashika kila kitu. Nyumbani mkono ule hana habari nao."

Watoto hao walioathirika upande mmoja ndio walionifundisha kazi. Mkono mmoja mzima. Wa pili umekakamaa, umekunjika kiwiko, dole gumba limelalia kiganjani. Ukisema "shika," mtoto ataulazimisha na utashika. Usiposema, mkono mzima unafanya yote, meno na magoti yanasaidia, ule mwingine unakaa. Kuweza ni jambo moja na kutumia ni jingine, na kabati langu lilijua la kwanza tu.

Hilo la pili lilikuwa limeshashughulikiwa Stockholm. Mwaka 2003 Lena Krumlinde-Sundholm na Ann-Christin Eliasson walichapisha kipimo kiitwacho Assisting Hand Assessment, ambacho baadaye kilipanuliwa kufikia watoto wa miezi 18 hadi miaka 12. Mimi nilikijua baadaye sana, kwa mkufunzi mgeni aliyekuja na sanduku la vichezeo. Vichezeo vyenyewe vimechaguliwa kwa hila: vingi havifunguki wala havichezeki mpaka mikono miwili ishirikiane. Mtoto anacheza dakika 10 hadi 15, kamera inarekodi, na hakuna kumwambia "tumia mkono ule." Kisha unakaa na video, unairudisha nyuma mpaka macho yanauma, na kila kipengele unakipa alama 1 hadi 4: ameunyoosha mkono bila kutumwa? Ameshika vipi? Amekituliza kitu wakati mkono mwenzake unafanya kazi? Nilichokipenda ni kwamba mkono ule unapimwa kama msaidizi. Hakuna anayeudai uwe sawa na mzima, na wazazi wakielewa hivyo mabega yao hushuka.

Bahati mbaya, mpimaji lazima asome kozi na kuthibitishwa, na ada yake haikuwa ya mshahara wangu. Nikategemea zaidi MACS, mpangilio wa ngazi tano uliotolewa mwaka 2006. Haudai kifaa chochote: unamuuliza anayemjua mtoto jinsi anavyoshika vitu vya kila siku, kwa mikono yote miwili kwa pamoja, unapata ngazi. Kwa kupanga huduma unatosha. Kwa kujua kama miezi sita ya mazoezi imesaidia, hautoshi, wala haukutengenezwa kwa hilo.

Kulikuwa pia na ABILHAND-Kids, dodoso la Ubelgiji la mwaka 2004: shughuli 21, mzazi anajibu haiwezekani, ni ngumu, au ni rahisi. Kuchonga penseli, sawa. Kutoa sarafu mfukoni, sawa. Tulipofika kuwasha taa ya pembeni ya kitanda, bibi mmoja wa Machame alinitazama kwa huruma. "Mjukuu wangu ndiye anayejaza mafuta kwenye koroboi. Hilo nalo unaliandika?" Ningependa kuliandika. Lakini ugumu wa kila shughuli umekokotolewa kutokana na majibu ya wazazi wa kule. Ukichomoa taa ukachomeka koroboi, jumla yako haina maana tena. Nikafungua daftari la pembeni: kumenya ndizi, kupeta mchele, kukamua ng'ombe, kufunga kanga. Halikuwa kipimo. Lilinisaidia kuchagua zoezi kuliko vipimo vyote.

Chakula kilinisumbua kwa namna yake. Kwenye nyumba nyingi mkono wa kushoto hauingii kwenye sahani ya watu. Basi mtoto aliyepooza kulia, ambaye siku nzima hautumii mkono huo, akifika mezani anautumia, maana mwingine amekatazwa. Tonge linavunjika, mchuzi unatiririka mpaka kiwikoni, wenzake wanamaliza nyama. Wengine hulishwa hadi umri wa aibu. Ukiuliza, "Anakula kwa mkono ulioathirika?" unajibiwa ndiyo, na unaweza kufurahia maendeleo yasiyokuwepo. Kubishana na adabu ya nyumba ya mtu si kazi yangu, ingawa nimewaona mababu wakiamua wenyewe kwamba mtoto apewe sahani yake na kijiko, ale kwa kushoto, na mgeni akishangaa aelezwe. Tangu hapo, kando ya kila "ndiyo" ya chakula niliandika sababu.

Miaka yangu ya mwisho kazini walikuja watafiti na vifaa vya kuvaa vifundoni mwa mikono kama saa, vinavyohesabu mijongeo mchana kutwa. Nilifurahi: hatimaye nyumbani kungepimwa bila mimi kuwepo. Tulipoangalia michoro, mtoto akitembea mkono uliopooza ulionekana na shughuli tele, kumbe unaning'inia tu. Na yule aliyemshikilia mama yake sufuria akisonga ugali, kazi halisi ya mkono msaidizi, isiyotaka kutikisika hata kidogo, alihesabiwa kama amelala. Niliwaeleza, na sikupingwa. Wakaongeza karatasi ya mzazi kujaza kila jioni, nikapewa kuandika maswali. La kwanza niliweka la sufuria.